Alama ya Saba Chini ya Boneti

Cheka. Cheka mpaka mbavu zikuume, mimi nakungoja hapa hapa na kikombe changu. Umemaliza? Mtu mzima mwenye ndevu, umenunua gari kuukuu kwa bei ya kitanda, unaniambia, "Bibi, linachemka kidogo tu, ni umri," halafu nikikuuliza kama umewahi kuligusa boneti asubuhi kabla ya kuwasha, unanicheka mbele ya mkeo na mtoto. Umesoma, najua. Mimi niliishia shule ya msingi, na mwalimu wangu alishukuru nilipoondoka. Lakini ubishi wako ni ubishi wa kwenye kochi. Hujawahi kuuona mshale wa joto ukipanda na ufunguo uko mfukoni. Kaa chini basi, na usinikatize. Ikifika saa sita mchana sitakuwa hapa kwako, na nikimaliza utajua kwa nini.

Palikuwa na fundi wa magari ambaye watu walimwita Kwanzatuone. Jina alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Mteja akija na kusema, "Fundi, nadhani ni pampu," yeye hujibu, "Kwanza tuone." Mwingine aje na maneno ya mtaani, "Jirani yangu anasema ni gasketi." "Jirani yako ana spana? Kwanza tuone." Hata siku alipokwenda kuposa, baba wa binti alimuuliza kama ataweza kumtunza mtoto wa watu, naye, kwa mazoea, akajibu hivyo hivyo. Mama wa binti nusura ammwagie chai.

Lakini kazi aliijua. Hakubahatisha. Alipima kitu kimoja, akamaliza, ndipo akagusa cha pili. "Anayeng'oa vitu vitatu kwa pamoja," alizoea kusema, "hata gari likipona hajui amelitibu nini." Na kila kitu alichokipima akakikuta kizima, alichora mstari mmoja kwa msumari upande wa ndani wa boneti, kwenye rangi, ili asirudie. Magari yote yaliyopita mikononi mwake yalikuwa na mistari hiyo. Miwili, mitatu. Hakuna lililowahi kufika minne.

Gereji yake ilikuwa mbele ya nyumba yake: bati juu ya nguzo nne, ardhi nyeusi kwa oili, na nyuma yake dirisha la chumba cha kulala ambako mkewe aliweka cherehani. Walikuwa na binti mmoja wa miaka sita waliyemwita Kifungo, kwa udogo wake alipozaliwa. Kifungo alikuwa na ndoo yake ya kukalia, ameigeuza kitako juu, na kutoka hapo aliendesha gereji nzima kwa maswali.

Siku moja mwalimu mstaafu wa mtaa ule, mzee wa mwavuli na miwani, alileta gari lake la kijani likifuka moshi. Tatizo lilikuwa jepesi hata Kifungo aliliona: mpira wa maji umepasuka. Fundi akaweka mwingine. Ilibaki kujaza maji tu, na hapo ndipo alipoharibu. Bomba la mtaa lilikuwa limekauka tangu alfajiri. Siku zote alitumia maji safi ya kuchemshwa, yaliyopoa, kwa sababu maji machafu huacha magamba ndani ya rejeta, tangi la kupozea injini. Siku hiyo mwalimu alikuwa anatazama saa kila dakika.

"Fundi, maji ni maji. Nina safari."

Nyuma ya karakana ya zamani, iliyofungwa miaka mingi, kulikuwa na kisima kilichofunikwa kwa bati, na juu ya bati mawe manne makubwa. Fundi aliyasukuma mawe, akateka dumu moja, akarudi. Bati hakulirudisha. Alijaza rejeta, akakaza kifuniko, mwalimu akaondoka. Chini ya dumu yalibaki maji kiasi. Akaliweka dumu kwenye kivuli, karibu na ile ndoo.

Kesho yake mwalimu alirudi kwa miguu, mwavuli kwapani, gari likivutwa kwa kamba nyuma yake. "Limechemka mlimani," alisema. "Umenitengenezea au umenichezea?"

"Kwanza tuone, Mwalimu. Liache."

Likalala pale. Asubuhi iliyofuata fundi alipofungua gereji, jambo la kwanza lililomgusa lilikuwa dogo sana. Kulikuwa na paka wa rangi ya majivu, dume zito, ambaye gari likiingia tu hupanda juu ya boneti lenye joto akalala. Leo alikuwa amesimama mbali, mgongo umekunjwa, manyoya yamesimama, macho kwenye gari la kijani. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa na joto kama mkate uliotoka tanurini. Gari halikuwashwa usiku kucha. Ufunguo ulikuwa umening'inia ukutani, mahali pake.

"Jua," alijiambia. Jua lilikuwa bado halijavuka paa.

Akaanza kazi. Mipira ya maji: haivuji. Mstari wa kwanza. Mkanda na feni: vizima. Mstari wa pili. Themostati, kile kilango cha maji kinachofunguka kwa joto, aliing'oa akaitumbukiza kwenye sufuria jikoni kwa mkewe, akangoja maji yapate moto, akaiona ikifunguka vizuri kabisa. Mkewe akamwambia ile sufuria sasa ni mali ya gereji, asiirudishe tena. Mstari wa tatu. Alipitisha maji yale yale kwenye rejeta, yakapita bila kizuizi. Wa nne. Pampu, wa tano. Gasketi alimalizia, akitazama oili kama imeingiliwa na maji ikageuka maziwa. Oili ilikuwa safi. Wa sita.

Mistari sita, na gari zima kama lililotoka kiwandani. Alipoliwasha, mshale ukapanda hadi kwenye nyekundu kwa dakika nne, na kutoka kwenye rejeta ikatoka harufu ya maji ya bwawa yakipikwa, na ndani ya harufu ile, nyembamba, harufu ya nywele mbichi zilizoshika moto.

Alizima. Injini ikatulia, lakini maji hayakutulia. Yalikuwa yanagugumia mle ndani, juu, chini, juu, kama mtu anayesukutua koo kabla ya kusema neno.

Akangoja ipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto: hilo ndilo jambo la kwanza fundi yeyote hufundishwa, na wengi hulijua kwa makovu. Alingoja hadi jioni. Alipofungua, alichungulia kwa tochi. Rejeta ilikuwa kavu. Siyo imepungua, kavu, na vumbi chini. Akafungua koki ya kumwagia maji: hakuna tone. Akafunga kifuniko, akawasha, na dakika ya nne maji yalikuwa yamo tena, yanasukutua.

Jioni hiyo hiyo Kifungo alikataa chakula. Mama yake alimgusa shingo akavuta mkono haraka.

Walimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alipima kila kitu, kimoja baada ya kingine, na kila alipomaliza kimoja aliweka alama kwenye karatasi. "Damu safi. Kifua safi. Mkojo safi. Malaria hakuna." Fundi alikuwa anatazama zile alama kwenye karatasi.

"Sasa ni nini, Daktari?"

"Kwa kweli, kwa vipimo, mtoto wako hana kitu."

Walirudi na dawa ya kushusha homa ambayo haikushusha homa. Mkewe akaacha cherehani, akakaa na kipimajoto na kitambaa chenye maji. Siku ya tatu alimwita mumewe dirishani, akanong'ona, kana kwamba kuna mtu asiyetakiwa kusikia.

"Baba Kifungo. Asubuhi anakuwa nafuu. Saa sita anapanda. Saa nane anashuka. Jana hivyo, leo hivyo. Na leo amepanda kuliko jana."

"Homa ndivyo zilivyo."

"Homa inatazama saa?"

Fundi alikuwa akisikia, nyuma yake, chini ya bati, vyuma vya gari la kijani vikidonoa. Tik. Tik. Tik. Injini iliyozimwa hudonoa hivyo inapopoa. Hii ilikuwa haijawashwa tangu juzi.

Kesho yake, kabla ya saa sita, alilitoa betri akaliweka chini, mbali. Akaketi kwenye kiti cha dereva. "Mama Kifungo! Soma!"

"Thelathini na nane," ikatoka sauti dirishani.

Gari lisilo na betri halina uwezo wa kusogeza hata unywele. Mshale ukasogea.

"Soma!"

"Thelathini na nane na nusu. Thelathini na tisa. Baba Kifungo, anatetemeka!"

Mshale ulikuwa unatetemeka. Alitoka mle garini kwa magoti. Na alipokuwa bado ameshika mlango, kutoka chini ya boneti, kwa sauti yenye maji ndani yake, sauti ya mtu anayejifunza neno kwa kuligeuza geuza mdomoni, kitu kilisema:

"Kwanza... tuone."

Alifikiri ni Kifungo anamwigiza, kama alivyozoea. Akageuka. Ndoo ilikuwa tupu.

Siku iliyofuata ndipo alipofika mama mkwe wake, kikapu mkononi. Alikuwa mwanamke mwenye akili zake, ingawa mkwewe alizoea kuziita kwa jina jingine. Hakusubiri kuulizwa habari za safari wala kupewa kiti. Alimnusa mtoto utosini, akatoka nje, akazunguka gari, akanusa, akasimama kwenye kivuli penye dumu. Akalifungua, akanusa, akalifunga.

"Mkwe. Haya maji umeyatoa wapi?"

"Kwenye kisima cha karakana ya zamani, Mama. Bomba lilikuwa limekauka."

"Chenye bati na mawe."

"Ndiyo."

"Na wewe ulipoyaona mawe manne juu ya bati ukafikiri yamewekwa urembo?"

Fundi akalitazama dumu.

"Wanaume thelathini walifanya kazi pale," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Walikifunika mchana kweupe wakaacha hata ndoo yao ndani. Hawakuwa waoga, nilikuwa nawajua. Maji mengine umeyatia kwenye gari. Yaliyobaki ameyanywa nani?"

Kutoka dirishani mkewe alitoa sauti ndogo kama mtu aliyejichoma sindano. "Aliniambia. Siku ile ile. Alisema maji ya baba ni matamu."

Fundi alitazama mistari yake sita. Alikuwa amepima mipira, mkanda, feni, themostati, rejeta, pampu, gasketi. Kitu kimoja tu kwenye gari lile hakukipima, kile alichokitia kwa mkono wake. Aliokota msumari, akaanza kuchora wa saba. Alifika katikati. Ndani, Kifungo akapiga ukelele, na msumari ukaanguka.

"Ni maji mamoja," alisema mama mkwe. "Nusu ukaifungia kwenye chuma, nusu imo kwa mtoto. Jini la kisima hicho limekatwa vipande viwili na kimoja unakipika. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Lifungulie litoke."

"Likipoa halimo, Mama. Nimetazama. Lipo likiwa la moto tu."

"Basi lifungue likiwa la moto."

"Likifika huko, mtoto..."

"Najua atafika wapi mtoto. Leo saa sita atafika huko huko bila wewe kuwasha, na kesho atapita. Chagua."

Mwalimu alikuwa amekuja kudai gari lake, ameketi kwenye benchi na mwavuli katikati ya magoti. "Ujinga mtupu," alisema. "Nimefundisha sayansi miaka thelathini."

"Basi kaa ujifunze," mama mkwe akamjibu.

Fundi alirudisha betri. Jua lilikuwa limesimama utosini, nguzo za gereji hazina kivuli, mtaa umenyamaza kama umeambiwa. Akawasha. Mkewe akaanza kusoma kwa sauti, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama uzi uliovutwa.

"Thelathini na tisa. Na nusu. Arobaini."

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Harufu ya nywele ikajaa chini ya bati. Akainua boneti, akakunja kitambaa mara nne, akakiweka juu ya kifuniko na kukizungusha, na kitambaa kikateleza, maana kifuniko kilikuwa kinatoa jasho, jasho zito la kuteleza kama la mtu, na akajaribu tena kikateleza tena, na dirishani mkewe akasema arobaini na moja na halafu hakusema namba tena bali jina la mtoto, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa sauti ambayo fundi hakuwahi kuisikia ndani ya nyumba yake, na kutoka chini ya kiganja chake, kupitia chuma, yale maji yakaanza kumjibu mkewe, yakiita jina lile lile kwa sauti ile ile ya mama, Kifungo, Kifungo, taratibu, kwa mapenzi, kama anayemwita mtoto atoke mchezoni arudi nyumbani, na hapo fundi alikitupa kitambaa, akakishika kifuniko kwa mkono mtupu, mkono wa kulia, mkono wa kazi, akauminya mpaka ukanasa, akazungusha.

Mvuke ulitoka na kilio. Ulipanda ukagonga bati, na kwenye bati, kwa muda wa kupepesa jicho, ulikuwa na mabega. Mwalimu alianguka na benchi lake. Paka alitoweka na hakurudi tena mtaa ule. Kisha injini ikazimika yenyewe, na kukawa kimya, na ndani ya kimya sauti ndogo ikasema, "Mama, nimeloa."

Mtoto alikuwa ametoka jasho. Si jasho la homa tu: shuka ilikuwa inachuruzika, godoro linachuruzika, na nywele zake zilinuka bwawa. Alikuwa wa baridi na mzima na mwenye njaa. Watu wote walikimbilia ndani. Mama mkwe alimbadilisha mtoto, akaikamua ile shuka ndani ya beseni mpaka tone la mwisho, akachukua beseni na dumu, akaenda peke yake kwenye kisima. Akamimina. Akarudisha bati. Akayasukuma mawe manne, na alikuwa si kijana.

Yalibaki yale ya kwenye rejeta, yaliyokuwa hayajamalizika kutoka. Hayo nayo yalitakiwa yarudi kisimani, na rejeta ibaki wazi mpaka ikauke kwa jua. Lakini aliporudi, chini ya bati palikuwa patupu. Mwalimu alikuwa ameona mshale umeshuka, akaokota kifuniko chake ardhini, kwa sababu kifuniko ni mali yake, akakikaza barabara, akaondoka na gari lake lililopona.

Walimfuata. Hakufungua mlango. Alisema dirishani kwamba ameona kwa macho yake rejeta imefunguliwa ikiwa ya moto na hilo ndilo jambo pekee la ajabu aliloliona.

Miezi mitatu baadaye walimkuta kando ya barabara, saa sita mchana, ndani ya gari. Injini imezimwa, vioo vimefungwa, vyote vimeingia ukungu kwa ndani. Midomo yake ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma. Watoto wake waliliuza gari. Aliyelinunua akalipiga rangi nyeupe, akaliuza. Aliyefuata naye akaliuza. Haliuzwi ghali.

Fundi vidole viwili vya mkono ulioungua vilishikana, na msumari hakuushika tena. Gari analitambua kwa kusikiliza. Kifungo ni mama mwenye watoto sasa, na mpaka leo hanywi maji kabla ya kuyanusa.

Unauliza nimejuaje yote hayo? Ile shuka, mwanangu, unafikiri aliikamua nani? Na ile chai, kwa taarifa yako, ilikuwa ya moto, na ningemmwagia kweli.

Nilipopita uani kwako nililigusa boneti. Umesema mwenyewe hujaliwasha tangu juzi. Nenda kalifungue. Chini kwenye kona, pale wapaka rangi wasipofika, utaona kijani, na juu ya kijani mistari ya msumari. Ihesabu. Sita mizima, na mmoja umeanza juu ukaishia katikati.

Mbona hucheki tena? Kaa. Usiende sasa, tazama saa yako. Na nani huyo aliyesema "kwanza tuone"? Si wewe, wewe mdomo uko wazi na ulimi umekauka. Imetoka uani.

Mimi sauti hiyo nimeisikia mara moja, na mara moja yatosha. Mchukue mkeo na mtoto mpitie mbele. Kikombe changu nakiacha. Natangulia, na mlango huu wa uani naufunga.